Palmeiras walijiokolea Quito

Oktoba 2025, LDU Quito walipowalima Palmeiras 3-0 kwenye mkondo wa kwanza wa nusu-fainali ya Copa Libertadores, wengi tuliona kwisha habari yao. LDU si vibonde. Walikuwa washawang'oa Botafogo, mabingwa watetezi. Halafu kuna pumzi. Quito iko takriban mita 2,850 juu ya bahari. Iten yetu ya wanariadha ni kama 2,400 tu!

Lakini cheki hapa: mabao yote matatu yaliingia kipindi cha kwanza. Cha pili, vijana wa Abel Ferreira walikaza roho, wakakataa la nne. Kwangu, mechi iliokolewa hapo. Lingeingia, kazi yote ya marudiano ingewafikisha penalti tu.

Wiki moja baadaye jijini São Paulo, Ramón Sosa na beki Bruno Fuchs walicheka na nyavu kabla ya mapumziko. Kisha Raphael Veiga akapiga mawili, la mwisho kwa penalti. 4-0, jumla 4-3. Uwanja ukalipuka.

Fainali? Lima, Novemba, Flamengo wakawachapa 1-0. Marudiano hayakuwepo.