Kikaragosi Ni cha Nani?

Vilikuwa tisa, ndani ya boksi la televisheni lililofungwa kwa kamba ya katani. Stoo ni ya ofisi moja hapa mjini, ambayo miaka michache iliyopita iliendesha kampeni ya kunawa mikono mashuleni, nami nilikwenda pale kutafuta picha za zamani kwa ajili ya toleo hili. Walikuwamo bibi mwenye kilemba, mzee wa kofia ya kiua, watoto mapacha, daktari, fisi, sungura, na wengine wawili ambao panya walikwisha kuwatafuna nyuso. Nikaingiza mkono ndani ya yule bibi. Sponji ilikuwa imeanza kusagika, lakini mdomo ulifunguka vizuri, kidevu kikashuka kwa ulaini usiopatikana ila kwa fundi aliyefumua na kushona tena mara nyingi. Mtunza stoo, kijana ambaye hakuwahi kumsikia yule bibi akisema neno, aliangua kicheko. Kisha akaomba bibi amsalimie mwanawe kwenye simu.

Nilimtafuta fundi mpaka nikampata. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia nimewaona watu wake. Swali lake la kwanza lilikuwa juu ya fisi, maana taya la fisi lilimtesa wiki nzima. Nikamwuliza, "Mama, mbona hukuvichukua kampeni ilipokwisha?"

"Vilikuwa vyangu mpaka niliposaini, mwanangu," akasema. "Nilidhani nasaini malipo."

Toleo hili linahusu vikaragosi katika matangazo ya biashara, katika ufundi wa mikono na katika burudani ya familia. Nitasema mapema ninachoamini. Mambo hayo matatu hutoka katika mikono ya mtu mmoja, na mtu huyo akinyang'anywa kikaragosi chake, biashara, ufundi na burudani vyote vinakwama pamoja.

Lugha yetu nayo haijamtendea haki kikaragosi. Neno lenyewe limetoka mbali. Asili yake ni Karagöz, yaani "jicho jeusi", mhusika wa michezo ya kivuli ya Waturuki, aliyechongwa katika ngozi ya ngamia na kuchezeshwa nyuma ya kitambaa kilichomulikwa taa, hasa katika usiku wa Ramadhani. Misri jina likawa Aragoz, naye akawa kikaragosi cha kuvaa mkononi, mwenye kofia ndefu nyekundu na sauti ya mkwaruzo itokanayo na kidude ambacho mchezeshaji hukibana mdomoni. UNESCO iliiingiza sanaa ya Karagöz katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2009, na ile ya Aragoz ikaingia mwaka 2018 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Karagöz ni mtu wa mtaani, mbishi, asiye na shule, ambaye huwashinda waliosoma kwa ulimi wake. Sisi tulilipokea jina tukamwacha mtu huyo njiani. Leo tukitaka kumtukana kiongozi asiye na msimamo tunamwita kikaragosi, kana kwamba kuwa na mkono ndani yako ni aibu. Kwa mtu ni aibu kweli. Kwa kikaragosi, ule mkono ndio uhai wake.

Mfano ninaowaomba mafundi wetu wausome kwa makini ni wa Jim Henson wa Marekani. Mwaka 1955, akiwa kijana wa miaka 18, alipewa kipindi cha dakika tano katika kituo cha televisheni cha WRC mjini Washington. Kipindi kiliitwa Sam and Friends, naye alikiendesha pamoja na Jane Nebel, mwanafunzi mwenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland ambaye baadaye alimwoa. Kikaragosi kimoja alikishona kwa koti kuukuu la mama yake, na macho akayapata kwa kukata mpira wa tenisi ya meza vipande viwili. Huyo ndiye Kermit. Wakati huo bado hakuwa chura, alikuwa kiumbe tu chenye mdomo mpana.

Dakika tano za usiku hazijengi karakana. Kilichoijenga ni kahawa. Tangu 1957 hadi 1961 Henson alitengeneza matangazo zaidi ya 100 ya kampuni ya kahawa ya Wilkins, kila moja la sekunde nane hivi. Vikaragosi vilikuwa viwili: Wilkins mchangamfu aliyeipenda kahawa, na Wontkins mnunaji aliyeikataa. Wontkins akishakataa, kilichofuata ni balaa: anapigwa mzinga, anaangukiwa na kitu kizito, au chombo alichopanda kinalipuka. Watu walicheka, na kahawa ikauzika. Makampuni ya kahawa ya miji mingine yakataka matangazo kama hayo, na Henson akayarudia kwa ajili yao kwa vikaragosi vilevile.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Aliwezaje kuyarudia? Kampuni ya kwanza ilinunua matangazo. Wale wawili walibaki wake. Mwaka 1962 akafanya vivyo hivyo kwa kampuni ya chakula cha mbwa, Purina. Fundi wake, Don Sahlin, alishona mbwa wa kahawia aliyeitwa Rowlf. Mwaka uliofuata mbwa huyo aliyezaliwa ili auze chakula cha mbwa alikuwa akiimba na kutaniana na mwimbaji Jimmy Dean kila wiki katika televisheni ya taifa zima, na baadaye akawa mpiga piano wa kipindi cha The Muppet Show. Vikaragosi vyake vilipoingia Sesame Street, kipindi kilichoanza Novemba 1969, Henson tayari alikuwa na watu waliofunzwa, karakana iliyojaa, na jina. Vituo vikubwa vya Marekani vilipokataa The Muppet Show, ilitengenezwa Uingereza, katika studio za Elstree, vipindi 120 kati ya 1976 na 1981. Henson alifariki mwaka 1990. Mwaka 2004 kampuni ya Disney ikawanunua Kermit na wenzake, na ikanunua kutoka kwa mwenye mali.

Sasa nirudi kwenye sindano, maana haki bila ufundi ni karatasi tupu. Kikaragosi cha mdomo huanza na sponji, ile ile ya magodoro. Fundi huikata, huikunja na kuigandisha mpaka ipate fuvu, halafu huivika kitambaa cha manyoya mafupi kinachoficha mshono. Kazi ngumu kuliko zote ni macho. Mboni zikikaa katikati kabisa ya jicho, kikaragosi hutazama ukutani. Zikisogezwa kuelekea puani kiasi kidogo tu, ghafla kinakutazama wewe. Sahlin alisifika kwa hilo, kupima macho na pua mpaka uso uwe na nia. Mafundi wetu wanaotumia vifuniko vya chupa na vifungo vya shati hulijua jambo hilo kwa vidole vyao.

Kisha mdomo. Anayejifunza hurusha kichwa chote juu kila neno, hadhira ikaona paa la kinywa tu. Mzoefu hushusha kidole gumba, yaani taya, na kichwa kikatulia. Mdomo hufunguka kwenye irabu. Na hapa Kiswahili kina bahati ambayo sijaisikia ikisemwa vya kutosha: karibu kila silabi yetu inaishia na irabu, kwa hiyo karibu kila silabi inampa mchezeshaji pumzi ya kufungua mdomo. Salamu ya asubuhi ya Kiingereza ina silabi tatu. Sema "habari za asubuhi", utahesabu nane. Ndiyo sababu vipindi vya nje vikitiwa sauti ya Kiswahili, vikaragosi hufunga midomo huku maneno yakiendelea kutoka. Mtoto huona kosa hilo kabla ya mzazi. Kikaragosi kinachosema Kiswahili vizuri ni kile kilichofundishwa Kiswahili tangu mkono unaingia ndani.

Na Afrika wamo walioonyesha kuwa inawezekana. Kenya, katikati ya miaka ya 1990, vikundi vya wachezeshaji vilivyojulikana kama CHAPS vilipeleka vikaragosi masokoni na vijijini kuzungumzia UKIMWI, wakati ambapo mtu mzima hakuweza kulitamka jambo hilo mbele ya mkwewe. Kikaragosi kililitamka, mkwe akacheka, na mazungumzo yakaanza. Afrika Kusini, mwaka 2002, kipindi cha watoto cha Takalani Sesame kilimleta Kami, mtoto wa miaka mitano anayeishi na virusi vya UKIMWI. Mwaka 2009 Gado, mchoraji vibonzo mzaliwa wa Dar es Salaam, akaanzisha The XYZ Show jijini Nairobi, akawatengeneza wanasiasa kwa mpira laini, mashavu na mapua yakiwa makubwa kuliko ya wenyewe. Familia zilikaa sebuleni kuwatazama wakubwa wakisema yale ambayo wananchi waliyashuku siku nyingi.

Lakini kati ya kazi za namna hiyo na lile boksi la stooni pana shimo, na shimo hilo huchimbwa na mkataba. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wahusika wawe wamekubaliana vingine. Tulisome vizuri hilo "isipokuwa". Fundi akinyamaza, kikaragosi kimekwenda. Akisema, na likaandikwa, kinaweza kubaki chake, na mteja akakodi matumizi kwa muda na kwa bidhaa aliyoitaja. Hakuna hasara kwa mfanyabiashara. Kikaragosi kilicho hai mitaani, chenye mwenyewe anayekipiga viraka na kukitungia vituko vipya, kinaitangaza bidhaa miaka mingi. Kilichofungiwa kinatangaza kwa panya.

Kwa wenye makampuni nina neno moja zaidi. Acheni kikaragosi kiwe na tabia kabla ya kukipa ujumbe. Nimetazama vingi vinavyotoka jukwaani vikihubiri sabuni au benki tangu sentensi ya kwanza, na watoto wa safu ya mbele wanaanza kuchezea mchanga. Wontkins alikumbukwa kwa sababu alikuwa mkaidi. Na kitu ambacho mtoto mdogo anakiamini kama rafiki kisitumwe kumshawishi ale peremende. Hilo silioni kuwa suala la sheria wala la soko. Mtoto wa miaka minne hajui kwamba rafiki yake amelipwa.

Kurasa za katikati zina kiolezo cha kichwa cha sungura, na kingine cha soksi kwa wasio na sponji. Nyumbani mnahitaji mkasi, sindano, uzi mzito na vifungo viwili visivyolingana. Jioni moja inatosha. Mwacheni mtoto achague mahali pa macho, hata kama amekosea. Sauti itamjia yenyewe akishayaona yanamtazama. Babu na bibi wanaojua hadithi za Sungura na Fisi wapewe Fisi.

Na kila atakayeshona, awe fundi wa siku nyingi au mtoto wa darasa la tatu, aandike jina lake kwa wino usiofutika upande wa ndani, pale vidole vinapopita. Anayeshona kwa malipo aombe mkataba ausome nyumbani, usiku mmoja, kabla ya kuweka saini.

Vile tisa bado vimo stooni. Nimeiandikia ile ofisi nikiomba virudishwe kwa aliyevishona, na sijajibiwa. Wewe mwenye ufunguo, kama unasoma hapa, mpigie simu yule mama. Anamwulizia fisi wake.