Jamvi Linalokunjwa Bila Kutandikwa

Ni nadra kongamano la Kiswahili kumalizika pasipo msemaji mmoja kutangaza kwamba wakati umewadia wa kukunja jamvi. Ukumbi hutabasamu, makofi hupigwa, nao washiriki huinuka kutoka kwenye viti vya plastiki, wakapita chini ya maputo na tepe za nailoni, wakaelekea nje. Jamvi lenyewe halikuwapo. Halikutandikwa asubuhi, wala hakuna aliyelitarajia. Aghalabu waliopiga makofi hawajawahi kulikalia, na pengine wengi wao hawawezi kueleza linavyotofautiana na mkeka.

Huenda wapo watakaoliona jambo hili kuwa dogo. Lugha, watasema, huhifadhi misemo hata baada ya vitu vilivyoizaa kutoweka, na hakuna anayelazimika kumiliki jamvi ili alikunje kwa maneno. Hoja hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anapoteza mengi anapoziacha kazi za mikono zigeuke msamiati wa mtihani: anapoteza sehemu ya lugha yake, anapoteza njia rahisi ya kuipamba nyumba yake, na anapoteza namna ya kumpa mwenzake zawadi bila kujitia katika deni.

Kwanza, suala la lugha. Taaluma ya fasihi inajinasibisha na vitabu, lakini istilahi zake nyingi zilitoka mikononi. Mtunzi ni mtu atungaye, na kutunga ni kupitisha uzi katika ushanga mmoja baada ya mwingine, au katika ua la asumini, hadi vitu vilivyotawanyika vikawa kitu kimoja. Mhakiki azungumziapo msuko wa riwaya anakopa kwa msusi. Asemapo kuwa mwandishi amemchora au amemfinyanga mhusika, anakopa kwa mchoraji na mfinyanzi. Mtu aliyewahi kutunga shanga anafahamu kwamba uzi ukikatika, zote humwagika, na kwamba ushanga mmoja mkubwa kupita kiasi huharibu mkufu mzima. Maarifa hayo ndiyo yaliyomo ndani ya neno “utunzi”, na ni hasara kulitumia neno huku maarifa yake yakiachwa yafe.

Methali nazo zinatoa ushahidi. Kila mwanafunzi ameandika insha juu ya “Usitupe mbachao kwa msala upitao.” Wachache wanajua kwamba mbacha na msala yote ni mikeka: mbacha ni ule uliochakaa kwa kutumiwa, na msala ni ule wa kuswalia. Kadhalika “Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa” hulinganisha kamba ya kutegemewa na ukambaa uliosukwa kwa majani, ambao hata ukiwa mpya hauna nguvu ya kamba. Aliyevishika vitu hivyo viwili mkononi hahitaji kufafanuliwa maana. Asiyevishika hukariri maelezo ya mwalimu, akayaandika kwenye karatasi ya mtihani, akayasahau jioni ile ile. “Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta” ni methali nyingine ya kiwandani. Inasema kwamba ujuzi huambukizwa kwa ukaribu. Mwana asiyekaribia kiwanda hasani wala havukuti.

Mkeka wenyewe unastahili kutazamwa kwa makini. Katika pwani ya Kenya, kuanzia Lamu hadi Kwale, kazi huanza kwa makuti machanga ya mkindu au ya mkoma, yanayokatwa kabla hayajakunjuka. Hukaushwa juani hadi yakawa meupe, kisha huchanwa vipande vyembamba viitwavyo chane. Vinavyotakiwa kuwa vya rangi huchemshwa ndani ya maji yaliyotiwa rangi, vikaanikwa tena. Hapo ndipo kusuka kunapoanza. Kinachosukwa si mkeka, bali ni ukili, yaani ukanda mwembamba unaorefuka siku baada ya siku, ukazungushwa kama tambi na kuwekwa kando mwenyewe anapoitwa na shughuli nyingine. Ukili ukishatosha, hushonwa upande kwa upande hadi upana upatikane. Kili nyembamba hutoa mkeka laini wa chumbani. Kili pana hutoa jamvi, ambalo ni zito na hutandikwa palipo na watu wengi, harusini au matangani. Kwa ukili huo huo hupatikana kikapu cha sokoni, kipepeo cha kupepea moto na kawa la kufunikia chakula.

Inafaa kuzingatiwa kwamba mwanamke asukaye ukili huufanya mchana akizungumza, akitegea hadithi ya jirani, akimkemea mtoto. Kazi ile haihitaji umeme, karakana wala mtaji mkubwa. Bara nako hali haikuwa tofauti. Wanawake wa Ukambani na wa Gikuyu walisokota nyuzi juu ya paja na kusuka kiondo huku wakitembea kwenda sokoni au kisimani. Neno “kiondo” lenyewe limeingia katika Kiswahili cha Kenya likiwa limebebwa na kitu chake. Hilo ni somo kwa waundaji wa istilahi: neno linalosafiri na kitu huishi kwa wepesi kuliko neno linaloagizwa na kamati.

Pili ni suala la gharama. Mwanafunzi wa chuo kikuu hukaa katika chumba cha kuta tupu, akiamini kwamba mapambo ni ya wenye ajira. Imani hiyo haina msingi. Kawa moja likiangikwa ukutani hupendeza kuliko picha ya kiwandani ya maporomoko ya maji yasiyojulikana yako nchi gani. Kipande cha leso kuukuu, mpaka sasa kikitumiwa kupangusia meza, kinaweza kukatwa kwa kufuata pindo lake, kikavishwa kwenye katoni iliyokatwa umbo la fremu, kikabandikwa kwa gundi. Kurasa za magazeti ya kale hukatwa pembetatu ndefu, zikaviringishwa kwenye njiti kuanzia upande mpana, ncha ikafungwa kwa gundi, kisha zikapakwa vanishi. Hizo ni shanga za karatasi, ambazo wanawake wa Kampala wamezifanya kuwa riziki. Vitambaa vya makochi, ambavyo kizazi cha sasa hukicheka kuwa vya kina nyanya, hufumwa kwa uzi na sindano moja tu yenye ncha iliyopinda. Katika nyumba nyingi za Kenya, ni vitambaa hivyo vilivyoipa sebule ya mwalimu au ya mkulima heshima yake, na kila kimoja kilikuwa na mwenyewe aliyejulikana kwa jina.

Tatu, na pengine hili ndilo zito zaidi, ni suala la zawadi. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, nayo jamii ya leo imeitafsiri methali hiyo kwa shilingi. Mwanafunzi hualikwa harusini, akakopa kwa simu ili anunue seti ya glasi zinazofanana na seti nyingine tano zitakazoletwa siku hiyo. Bibi harusi hazikumbuki zilitoka kwa nani. Deni, kinyume chake, hulikumbuka jina la mkopaji kila mwisho wa mwezi.

Utamaduni wa Waswahili una mafunzo ya kutosha katika jambo hili. Kikuba, kile kishada kidogo cha asumini na rehani kinachobandikwa nguoni au nyweleni, hakidumu zaidi ya usiku mmoja, na gharama yake ni ya maua tu; lakini aliyetungiwa kikuba anajua kwamba mtu aliketi akamfikiria. Kofia iliyodariziwa kwa mkono huchukua majuma kadhaa, na kila tundu lake ni ushahidi wa subira. Leso nayo, ingawa huchapwa kiwandani, hutolewa kwa kuchaguliwa jina lake, yaani yale maandishi yaliyo chini ya mji. Mpaji husoma majina mengi dukani kabla ya kuliona linalosema alichotaka kukisema. Huo ni uhakiki, na hufanywa kila siku na watu wasiowahi kuingia darasa la fasihi. Ni ajabu basi kwamba msomi wa Kiswahili, mwenye methali na mashairi tele kichwani, hununua kadi iliyoandikwa maneno ya mtu mwingine kwa lugha nyingine. Ubeti mmoja alioutunga mwenyewe, akaudarizi kwenye kitambaa cha shilingi chache, ungemweleza rafikiye mambo ambayo glasi sita haziwezi.

Pingamizi zipo, na hazifai kupuuzwa. La kwanza ni aibu. Kitu kilichotengenezwa nyumbani huonekana kutangaza ufukara wa aliyekitengeneza. Lakini kikapu hicho hicho kikiwekwa katika duka la hoteli ya kitalii, huitwa sanaa na bei yake hupanda mara dufu. Kilichobadilika ni rafu, wala si kikapu. Mtu anayekionea haya kitu cha kwao hadi mgeni akisifu, amemkabidhi mgeni macho yake.

Pingamizi la pili ni la kiuchumi: bidhaa za kiwandani ni rahisi na hupatikana upesi. Ni kweli, na mfano mzuri ni marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutekelezwa nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Ilidhaniwa kwamba kikapu na kiondo vingerudi mikononi mwa wanunuzi. Vilirudi kwa kiasi, ila pengo kubwa lilizibwa na mifuko mingine ya kiwandani. Sheria iliweza kuuondoa mfuko kwa siku moja. Haikuweza kuwarudisha wasusi kwa siku moja. Kwa hiyo hoja ya urahisi inathibitisha hatari inayozungumziwa hapa. Ujuzi ukiachwa kizazi kimoja, haupatikani siku unapohitajika.

Pingamizi la tatu ni la haki, nalo ndilo linalosumbua. Je, msomi akijisukia mwenyewe, hatamnyang’anya msusi wa Lamu au wa Machakos tonge lake? Jibu ni kwamba anayemdhulumu msusi ni mnunuzi asiyejua kazi yake. Mtu aliyejaribu kusuka shubiri moja ya ukili, vidole vikamwuma, ukili ukapinda, akaufumua na kuanza upya, hatasimama sokoni kumbishia mama wa watu shilingi hamsini za mkeka. Ujuzi mdogo wa mkono hufundisha bei ya haki kuliko mhadhara mrefu. Na kwa kuwa wengi watakaojaribu watashindwa kumaliza, wasusi hawatakosa wateja. Watapata wateja wenye adabu.

Shule zimewahi kulijaribu jambo hili. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulitilia mkazo kazi za mikono, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 unarejelea nia hiyo. Si siri, hata hivyo, kwamba tangu wakati ule hadi sasa mwanafunzi akiagizwa kuleta kikapu, mzazi huenda sokoni akakinunua, mwalimu akakitia alama. Kazi ya mkono iliyofanywa kwa ajili ya alama huishia kwenye alama.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili havitoi alama, na hapo ndipo penye nafasi. Tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, vyama vingi hugharimia maputo, mabango ya plastiki na vikombe vya bati vya kuwatunukia wageni. Fedha hizo hizo zingemleta chuoni msusi mmoja, akalipwa sawasawa na mtoa mada, akaketi na wanafunzi kutwa nzima. Mkono mmoja ungeshika ukili, mwingine ungeshika kalamu ukiandika kila neno analolitumia: jina la kila mshono, la kila nakshi, la kila kosa. Anayetoka Lamu angetaja kwa Kiamu, wa Mombasa kwa Kimvita, na tofauti zao zingekuwa mada ya tasnifu. Mgeni wa heshima angekwenda zake na kawa lililosukwa na wanachama, hata kama limepinda kidogo. Fahirisi ya maneno hayo ingebaki katika maktaba ya idara wakati maputo yamekwisha kupasuka.

Hayo yote hayahitaji bajeti ya wizara wala azimio la kongamano. Yanahitaji kwamba asubuhi moja, kabla ya wageni kuingia, viti vya mstari wa mbele viondolewe na jamvi la kweli litandikwe. Wazee wakalie hapo, na vijana wakaribie. Jioni ikifika, msemaji wa mwisho akisimama na kusema kwamba wakati umewadia wa kukunja jamvi, wawili watalazimika kuinama, mmoja huku na mwingine kule, walishike na kulikunja.