Majina ya Babu Zetu Hayahitaji Kufukuzwa Pepo

Vijana wapenzi, limeingia katika paroki zetu fundisho ambalo hatuwezi kuendelea kulinyamazia. Husemwa kwamba jina la ukoo ni mnyororo: aitwaye Mateso lazima ateseke, aitwaye Vita hatapata amani, na aliyerithi jina la babu aliyekufa bila ubatizo amefungwa na roho ya babu huyo mpaka aombewe na “kukatwa”. Wanaolieneza hawatoki katika makanisa ya uamsho peke yake. Wengine huketi nasi katika vikundi vya sala, na wapo wanaopokea sadaka kwa kazi hiyo. Matunda yake tunayaona wakati wa kujiandikisha kwa kipaimara: vijana wanaacha wazi nafasi ya jina la ukoo, na bibi mzee anaulizwa na mjukuu wake kwa nini alimtupia laana.

Twasema wazi: fundisho hili si la Kanisa, wala Maandiko hayaliungi mkono.

Mtazameni Danieli. Jina lake lilimkiri Mungu kuwa mwamuzi. Babeli ikaliondoa na kumwita Belteshaza, na katika sura ya 4 mfalme mwenyewe anasema kwamba jina hilo limefuata jina la mungu wake. Azaria naye akaitwa Abednego, jina ambalo wafasiri hulieleza kuwa “mtumishi wa Nebo”, sanamu ya Wababeli. Ni jina gani la Kikongo lililo zito kuliko hilo, jina la sanamu lililobandikwa na mtawala mgeni juu ya kijana aliyetekwa? Hata hivyo Abednego aliingia tanuruni na jina hilo, akatoka nalo, na moto haukuacha hata harufu juu yake. Mungu hakungoja kwanza libadilishwe.

Mtume Paulo anatuonyesha jambo hilohilo. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 16, anawasalimu Herme na Nerea, waliobeba majina ya miungu ya Wagiriki, na anamsifu Fibi, ambaye jina lake pia latoka katika hadithi za miungu hiyo. Kwa Wafilipi anamwita Epafrodito ndugu na askari mwenzake. Na ndani ya jina Epafrodito amekaa Afrodite mzimamzima. Hakuna neno hata moja la kuwaagiza wayaache majina yao.

Labda mtu atasema: hayo ni ya kale, sasa tunayo majina ya Kikristo. Ndiyo, lakini yalitoka wapi? Isidori kwa Kigiriki ni “zawadi ya Isis”, mungu wa kike wa Misri. Martini latokana na Mars, mungu wa vita wa Warumi. Bernardo ni jina la Wagermani, linalounganisha dubu na ushupavu. Majina hayo hayakushuka mbinguni. Yalitakaswa na watu walioyabeba. Ni nani aliyemwambia Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux kwamba akatwe roho ya dubu?

Kama dubu wa Ulaya aliruhusiwa kuingia patakatifu, mbona tunamwogopa chui wetu? Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza mwenye heri kijana wa Goma, mfanyakazi wa forodha aliyeuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu. Anaitwa Floribert Bwana Chui bin Kositi. Tazameni vilivyomo katika jina hilo moja: Ulaya, Kiswahili, “bin” ya Waarabu, na ukoo wake. Kanisa halikupunguza kitu. Latamkwa lote altareni.

Ninyi mliolelewa katika Kizito-Anuarite mnapaswa kulijua hili kuliko wengine. Mtakatifu Kizito hana jina la Ulaya. Anajulikana kwa jina la Kiganda, na leo watoto wa Kongo hubatizwa kwa jina hilo. Mwenye heri Anuarite aliitwa na wazazi wake Nengapeta, maana yake utajiri hudanganya. Anuarite lilikuwa jina la dada yake. Mtawa aliyewaandikisha shuleni ndiye aliyelichanganya. (Sisi tuliosomea ualimu tusome habari hiyo mara mbili kabla ya kushika daftari la wanafunzi.) Aliyekufa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 akiitunza nadhiri yake alikuwa amehubiriwa na jina lake tangu utotoni.

Wengi hawajui hata maana ya majina wanayoyaogopa. Kwa Wanande, Paluku ni mvulana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu. Pepo gani anaishi ndani ya kuhesabu? Kwa Waluba wa Katanga, Kyungu na Kabange ni mapacha. Nalo jina Tomaso, kama Injili ya Yohane inavyoeleza, ni Pacha tu. Kwa Washi, Murhula ni amani na Mugisho ni baraka. Katekisimu, katika namba 2156, inakubali jina la ubatizo lionyeshe fumbo au fadhila ya Kikristo.

Yabaki majina ya uchungu: Mateso, Shida, Matata. Hayo hatuyapuuzi, maana mama aliyejifungua njiani akikimbia risasi hakuwa akicheza na maneno. Lakini Yabesi naye aliitwa hivyo kwa sababu mama yake alimzaa kwa huzuni. Aliomba, Mungu akampa alichoomba, na jina likabaki. Kweli, Yakobo alimbadilishia Benoni jina akamwita Benyamini. Alikuwa baba yake, na alifanya hivyo kwa upendo siku ya kuzaliwa. Hakuitisha mkesha wa kufukuza wafu.

Wazee wetu waliuonja upande wa pili wa kosa hili. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulipiga marufuku majina ya ubatizo yenye asili ya kigeni. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa muda. Malula huyohuyo ndiye aliyesukuma mbele Misa yenye sura ya Kiafrika, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988. Serikali ilitaka kufuta jina la mtakatifu. Wahubiri hawa wanataka kufuta jina la babu. Wote wawili wanamtaka mtu nusu.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 855, inawadai wazazi, wasimamizi na paroko jambo moja: jina lisiwe geni kwa hisia ya Kikristo. Hata sheria ya mwaka 1917, iliyokuwa kali zaidi, ilisema kwamba wazazi wakishikilia jina lao, padri aongeze la mtakatifu, na yote mawili yaandikwe kitabuni. Tunawaomba makatekista wafanye hivyo bila kujadiliana na mtu yeyote. Na kijana aliyekwisha kushawishiwa kulifuta jina lake aangalie kwanza diploma yake ya Serikali na kadi yake ya mpiga kura: wale waliomwombea hawatakuwapo dirishani siku karani atakapomwuliza yeye ni nani kati ya watu wawili.