Dume la jirani ni la ukoo gani?

Kijana wa Ngara akija nyumbani kusema amepata mchumba, hata chai haijapoa wazee wameshauliza: binti wa nani, wa ukoo gani? Hawataki damu irudi kwenye damu. Lakini wazee hao hao wakisikia ng'ombe wa bandani analia joto usiku, asubuhi wanampeleka kwa dume lililo karibu, la shemeji au la jirani, kwa sababu ni la bure. Dume hilo ni mtoto wa nani? Hakuna anayeuliza.

Wiki hii tuulize, ndugu msomaji, maana malalamiko ninayopata kutoka Rulenge na Kabanga hadi Nyakahura kule Biharamulo yanafanana. Mama anasema: ng'ombe wangu wa kwanza alinipa maziwa ya kunywa na ya kuuza, binti yake akatoa pungufu, mjukuu anapandwa mara tatu hashiki, na ndama wa mwisho alizaliwa mnyonge akafa. Wapo waliokwisha kumnunia jirani, wakidhani kuna mkono wa mtu. Kabla ya kufika huko, tumtazame kwanza baba wa hao ndama.

Ndama hupokea nusu ya jeni kwa mama na nusu kwa baba. Karibu kila mnyama, na sisi binadamu pia, amebeba jeni chache mbovu ambazo hazionekani, kwa sababu nakala nzima kutoka kwa mzazi wa pili inazifunika. Ubaya hujitokeza nakala mbili mbovu zinapokutana, na njia ya mkato ya kuzikutanisha ni kumpandisha mtamba kwa baba yake mzazi. Ndama wa namna hiyo, kwa hesabu ya kawaida, robo ya jeni zake zina nakala mbili zilizotoka chimbuko moja. Wakipandana kaka na dada wa baba mmoja na mama tofauti, ni asilimia 12.5. Hapo ndipo tunapoona mimba zisizoshika, ndama wadhaifu na maziwa yanayopungua kizazi hadi kizazi.

Mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe umezisaidia familia nyingi nchini, nami nausifu. Mtamba wa kwanza anakwenda kwa jirani, wa jirani anakwenda kwa mwingine. Lakini kikundi kikiwa na dume moja tu, na dume hilo likakaa miaka sita, mitamba ya kitongoji kizima ni dada kwa baba. Na kwa kuwa kila mmoja yuko kwenye banda lake, undugu huo hauonekani kwa macho.

Msidhani wenye vitabu wamepona. Farasi wa mbio wa Kiingereza wameandikiwa kitabu cha ukoo tangu 1791, na kwa upande wa baba wote wanarudi kwa madume matatu tu. (Huku kwetu farasi hatumjui, mbung'o hakumpa nafasi.) Marekani mwaka 1962 alizaliwa ng'ombe dume wa Holstein aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Mabinti zake walikuwa na maziwa hasa, basi mbegu yake ikatumika kila mahali, akapata mabinti zaidi ya 16,000. Wajukuu na vitukuu walipoanza kupandana, mimba zikawa zinatoka. Miaka mingi baadaye wataalamu walikuta dume hilo lilibeba jeni moja mbovu: ndama akipata nakala mbili anafia tumboni. Mimba zilizopotea duniani kwa sababu hiyo zinakadiriwa kufika laki tano. Walichagua maziwa, na kile wasichokitazama kikaja pamoja nayo.

Nasi tuna tusichokitazama. Ng'ombe wa Ankole, yule wa pembe ndefu, hakujitengeneza mwenyewe. Wafugaji wa vizazi vingi walichagua pembe, rangi na tabia. Kupe na ukame wakachagua yaliyobaki. Ndiyo maana anatembea mbali kutafuta maji na anavumilia ndigana kali kuliko mgeni. Friesian kwao alichaguliwa kwa ndoo. Ukiwachanganya, chotara wa kwanza huwa na nguvu na maziwa, na watu wakionja huendelea kuongeza damu ya kigeni: nusu, robo tatu, saba kwa nane. Anayelisha bandani, mwenye majani ya kutosha, pumba na dawa ya kupe, anaweza kulimudu hilo. Anayechunga porini pande za Lusahunga, palipo na mbung'o, atamzika ng'ombe huyo. Mimi ningeishia karibu na nusu, na ningewaomba wenye makundi ya Ankole wasiwamalize majike halisi kwa uchotara, maana chotara bora wa kesho atatoka kwao.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Anayeona joto la ng'ombe mara nyingi ni mama au watoto: ute mweupe unaong'aa, kulia, kupanda wenzake. Akiliona asubuhi, ahimilishwe mchana au jioni; akiliona jioni, asubuhi inayofuata. Lakini fedha ya mhimilishaji iko mfukoni mwa baba, na baba yuko Nyakanazi hadi kesho. Nafasi imepita, mnasubiri siku 21 nyingine, na siku hizo ni maziwa ya watoto. Baba, acha fedha hiyo nyumbani mapema, na mama awe na ruhusa ya kupiga simu. Na kama ng'ombe ni mdogo wa umbo, ombeni mbegu ya Jersey. Ndama wa Friesian anaweza kumshinda kumzaa.

Mnaotegemea dume, hesabu ni hii. Mimba ni miezi tisa, na mtamba aliyelishwa vizuri anaweza kupandwa akiwa na mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo dume likianza kazi leo, baada ya miaka miwili na robo mabinti zake wanaanza kumlilia. Kabla ya hapo vikundi viwili vya vijiji vilivyo mbali vibadilishane madume, lakini ofisa mifugo ayapime kwanza ugonjwa wa kutupa mimba. Mtoto anayejua kuandika apewe daftari: ng'ombe gani, tarehe gani, dume gani. Mhimilishaji akija, msome jina na namba ya dume iliyoandikwa kwenye mrija wa mbegu kabla hajautupa.