Kila Nyumba Ina Kipande Chake



Tangu Januari 1964, na zaidi baada ya Oman kuwafungulia milango watu wake mwaka 1970, ukoo mmoja umekaa nchi nne: Unguja, Maskati, Dubai na London. Kumbukumbu zetu nazo zimetawanyika vivyo hivyo. Picha ya harusi iko kwa mmoja, barua kwa mwengine, kaseti ya maulidi imo sandukuni kwa wa tatu. Rai yangu ni kwamba nakala za vitu hivi hapana budi ziwekwe pahala pamoja, tena upesi.

Sababu ni kuwa kipande kimoja peke yake hakitoshi. Picha yenye muhuri wa Capital Art Studio, duka la picha lililofunguliwa Unguja mwaka 1930, inatwambia ilikopigwa. Haitwambii nani amesimama kulia. Jina hilo analijua bibi aliyeko London, na picha anayo mjukuu Maskati asiyemtambua hata mtu mmoja. Wasipokutanishwa bibi yungali hai, picha itabaki karatasi tu. Kaseti nazo hazingoji: mkanda huharibika kwa joto na ukungu, na mashine za kuzichezea zinazidi kuwa adimu.

Wapo wanaosita, na wana haki. Wanasema picha za mama na dada zetu zitaonwa na kila mtu. Basi iwe sharti: picha ya mwanamke haioneshwi ila kwa idhini yake, au ya watoto wake ikiwa ametangulia. Wengine wanachelea hati za mashamba zisije zikafufua ugomvi wa mirathi. Hati hizo zibaki kwa wenyewe. Wengine husema kazi hii ni ya serikali. Kweli Zanzibar ina Nyaraka za Taifa, na Oman iliunda mamlaka yake ya nyaraka mwaka 2007. Lakini afisa wa huko atajuaje jina la utani la babu yetu, au nani alimnyonyesha nani?

Utaratibu usiwe mzito. Asili isitoke nyumbani kwa mwenyewe, itoke nakala. Nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli laini majina kuanzia kushoto, pahala na mwaka, na penye shaka iwekwe alama ya kuuliza. Kila tawi la ukoo litoe mtu mmoja wa kupokea. Mkusanyiko mzima uwekwe seti mbili, moja Maskati na moja London, ili janga la nyumba moja lisitupotezee vyote.

Wazee wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku za Idi zijazo, tukishakula, tufungue masanduku. Tuanze na wale wenye umri mkubwa, tuwaulize majina, na kijana mmoja akae na kalamu aandike.