Tupimeni kwa debe lile lile

Kaya ya mkulima wa pamba ikitoka kwenye sakafu ya udongo ikaingia kwenye saruji, na nyasi juu ikabadilishwa kwa bati, alama yake ya hali ya maisha inapaswa kupanda. Nimeona ripoti ya mradi ambamo haikupanda. Kijiji kizima kilikuwa kimeezeka bati kati ya awamu ya kwanza na ya pili ya utafiti, na ripoti ikaandika kwamba hali ya wananchi haikubadilika.

Mimi ni mchambuzi wa takwimu. Kabla ya hapo nilikuwa mdadisi, yule anayekuja na kishikwambi kukuuliza unapikia kuni au gesi. Tunaulizwa hivyo kwa sababu wengi wetu hatuna mshahara wa kutaja: mmoja anavuna mara moja kwa mwaka, mwingine anauza maziwa kila asubuhi. Mwaka 2001 Deon Filmer na Lant Pritchett walionyesha, kwa takwimu za India, kwamba vitu vya nyumbani vyaweza kupanga kaya kwa ukwasi bila kuuliza matumizi. Tafiti za demografia na afya, ikiwemo yetu ya Tanzania ya 2022, hupanga kaya kwa njia ya jamii hiyo.

Hesabu yenyewe huitwa uchambuzi wa vijenzi vikuu. Karl Pearson aliiasisi mwaka 1901, Harold Hotelling akaiendeleza 1933. Inatazama vitu vinavyokwenda pamoja, televisheni na umeme, saruji na bomba la maji, kisha inakipa kila kimoja uzito wake. Ili kupata alama ya kaya, jibu lake kwa kila swali linatolewa wastani, linagawanywa kwa mchepuko sanifu, linazidishwa kwa uzito, kisha yote yanajumlishwa.

Kosa la mradi ule lilikuwa hapo. Takwimu mpya zilipofika, hesabu ilirudiwa mwanzo mwisho, ikapata wastani mpya na uzito mpya. Kwa njia hiyo wastani wa alama huwa sifuri kila awamu, hata kama kila nyumba imeezekwa upya. Tena, bati likiwa kwa kila mtu, hesabu hailioni kabisa, maana halitofautishi kaya na kaya. Ni mnunuzi anayekuja kila msimu na debe lake jipya, kisha anatuambia mavuno ni yale yale. Lipo na baya zaidi: alama chanya na hasi za kijenzi hazina upande maalumu. Programu ya kompyuta yaweza kuzigeuza, na asiyekagua akawaweka matajiri mkiani.

Kaya mpya zipewe alama kwa wastani, mchepuko na uzito wa awamu ya kwanza. Najua uzito huzeeka. Simu ya mkononi haitenganishi watu leo kama ilivyowatenganisha zamani. Basi ukitengenezwa uzito mpya, na awamu ya zamani ipigiwe hesabu upya kwa uzito huohuo, ndipo tulinganishe.

Suala la ng'ombe linaniuma zaidi. Ukichanganya mjini na vijijini katika hesabu moja, mifugo yaweza kupata uzito hasi, kwa kuwa wenye ng'ombe mara nyingi hawana umeme. Mfugaji anashushwa kwa mali yake mwenyewe! Waandaaji wa tafiti za demografia na afya walilitambua hilo, wakaanza kukokotoa mjini peke yake na vijijini peke yake kabla ya kuunganisha. Miradi midogo inayonakili hesabu yao yaweza kunakili ile ya zamani, na hapo ndipo jina la mtu linapokosekana kwenye orodha ya msaada, naye asijue amuulize nani.

Waandaaji hao wa tafiti za demografia na afya huweka wazi uzito wao, yeyote aweza kuupakua. Kila mradi unaopanga kaya zetu ufanye vivyo hivyo: orodha ya vitu, na mbele ya kila kitu wastani, mchepuko na uzito, pamoja na mwaka wa takwimu zilizotumika. Ni kiambatisho cha ukurasa mmoja au miwili. Madiwani na wenyeviti wa vijiji wauombe ukurasa huo kabla orodha ya wanufaika haijabandikwa kwenye ofisi ya kijiji.