Eksrei ya leza ipo, lakini usiingojee

Majuzi mama mmoja aliingia katika kliniki yangu akiwa na uvimbe katika titi na kipande cha gazeti mkononi. "Daktari," akaniambia, "hapa wameandika kuna eksrei mpya ya leza inayoona kila kitu. Mimi sindano yenu siitaki. Nitangoja hiyo."

Msomaji, alichosoma si uongo. Wazo lenyewe lilitolewa mwaka wa 1979 na Toshiki Tajima na John Dawson huko Los Angeles. Leza kali, isiyodumu hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde, hupigwa ndani ya gesi na kung'oa elektroni kutoka kwa atomu zake. Umepata kuona mashua ya injini ikikata maji pale Likoni? Nyuma yake huacha mawimbi. Leza nayo huacha wimbi katika gesi hiyo, na elektroni hulipanda. Kwa sentimita moja hupata nguvu ambazo mitambo ya kawaida huzitoa kwa mita nyingi, na zinapoyumba huku na huku hutoa miale ya eksrei.

Kwetu madaktari hilo ni jambo la kutamanisha. Eksrei za kawaida hutenganisha vyema mfupa na nyama. Nyama na nyama ndipo penye taabu: katika titi la mwanamke kijana, saratani na tezi za maziwa zote hutokea nyeupe. Miale ya leza hutoka katika kidoa chembamba kuliko unywele, hivyo hata ikipinda kidogo tu ipitapo mafutani, picha huonyesha.

Lakini nani amepigwa picha hiyo? Mwaka wa 2015 wataalamu wa Uingereza, wakitumia leza iitwayo Gemini karibu na Oxford, walionyesha ndani ya mfupa wa nyonga wa binadamu. Kipande cha mfupa, si mgonjwa! Leza hiyo ni ya kujaza ukumbi, na hupiga mara chache tu kwa dakika. Röntgen alipogundua eksrei Novemba 1895, miezi michache baadaye madaktari walikuwa wakiitumia. Hii ya leza imekula zaidi ya miaka 40 na bado imo maabara. Nawalaumu waandishi (nami leo nimo) wanaotangaza ugunduzi bila kutaja safari iliyobaki.

Tena, hata ifike kesho, picha pekee haithibitishi saratani. Bado kipande kidogo cha nyama kitatolewa kwa sindano kikaangaliwe kwa hadubini. Uvimbe haungoji wanasayansi.

Nilimweleza mama huyo haya yote kwa nusu saa, foleni ikinung'unika nje. Jumatatu alikwenda kudungwa sindano aliyoikataa. Majibu tunayangoja.